Kiatu cha Baba Mkwe

Jumanne, 8 Julai

Kiatu kimefika! Zipporah amerudi jioni hii kutoka kwao Marafa. Amekileta kikapuni, kimeviringishwa leso ya mamake kama mtoto mchanga. Mimi nilidhani ni mihogo.

Niandike hapa nisije nikasahau nikizeeka: kiatu si kiatu. Ni pedali ya gitaa, ile ya wawa, chuma kizito cha kukanyaga kwa mguu ili sauti ifunguke na kufungika — waa, waa. Marehemu baba mkwe, Mzee Baya, aliachiwa na Mwitaliano mmoja waliyekuwa wakipiga naye muziki hotelini hapa Malindi, enzi za suruali pana. Kule nyumbani hakuna aliyewahi kuiita pedali. Ni kiatu cha Baya, tangu watoto mpaka majirani.

Mwaka umepita tangu tumzike. Sasa wanaandaa hanga kubwa, ile sherehe ya kumkumbuka marehemu baada ya machozi kukauka. Ng'ombe, pombe ya mnazi, muziki. Itakuwa mwanzo wa Agosti. Tsuma, shemeji yangu, atapiga gitaa la babake, na Mama mkwe anataka kiatu kisikike siku hiyo.

Waya wa betri umekatika, basi. Zipporah amenieleza alivyoagizwa: Mama amesema uunge waya. Kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini nimeagizwa mimi! Mtu wa ziwani niliyeoa Marafa, ambaye mpaka leo wajomba huniuliza kama nimeshazoea nazi. Nimelala — hapana, bado sijalala, nitalala nikiwa na kichwa kikubwa.

Jumatano, 9 Julai

Nimekifungua dukani baada ya chai. Vumbi, mayai ya mende, kutu. Waya nimeuunga hata redio ya jirani haijamaliza tangazo la vifo.

Nikachomeka gitaa nijaribu. Aibu tupu. Sauti imebanwa, inatokea puani. Kikiwa kimezimwa bado kinakula sauti ya gitaa. Na ukikanyaga — kwaruu! — kinakwaruza kama mtu anayesafisha koo. Hiyo ni voliumu ya ndani, kile kidude kinachozunguka ukikanyaga, imechakaa. Kila fundi anajua huo ni ugonjwa.

Nikatazama video mtandaoni. Kuna watu Ulaya hawana kazi nyingine ila kuboresha pedali hizi kuukuu. Unabadilisha koili, unabadilisha kapasita moja na resista mbili ili sauti ipate kifua, unaweka swichi mpya isiyoiba sauti, unaweka voliumu mpya. Wanasema inakuwa kifaa kingine kabisa. Nimeona picha yote kichwani: siku ya hanga, Tsuma anakanyaga, watu wanageuka, wajomba wanauliza nani kafanya hivi.

Nimeagiza vipuri Nairobi. Zipporah sijamwambia. Itakuwa zawadi.

Jumamosi, 12 Julai

Vipuri vimekuja na basi la asubuhi. Nimefunga duka nusu siku, mteja wa spika za kanisa nimemwambia arudi Jumatatu. Nimefanya kazi mpaka shingo ikakataa kugeuka.

Voliumu ya zamani ilining'ang'ania. Miguu yake ikavunjika nikiichomoa, nikaitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Ile mpya iliingia bila ugomvi.

Na sauti! Jamani. Pana, laini, inafunguka taratibu mpaka inalia. Hakuna kukwaruza hata chembe. Nimemwita Gitau wa duka la simu, naye hupiga gitaa hotelini Watamu mwisho wa wiki. Alikanyaga, akafumba macho, akapiga mpaka chai yake ikapoa. Akasema sijawahi kumwonyesha kazi safi kama hii. Alitaka kuondoka nacho. Nikamwambia hiki ni cha wakwe, ndugu yangu, hata kukitamani usikitamani.

Nimefurahi kama mjinga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyo leo.

Jumapili, 13 Julai

Tukitoka kanisani Zipporah aliuliza kama waya umeshaungwa. Nikasema umeungwa. Akasema Mama atafurahi, akampigia simu hapo hapo njiani. Nikasikia Mama anacheka upande wa pili. Mama hacheki hovyo tangu msiba.

Sikusema mengine. Kwa nini sikusema? Zawadi, nikajiambia. Lakini mtu akificha zawadi huwa anachekacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka tukafika nyumbani.

Jumanne, 15 Julai

Siku mbaya.

Tsuma alishuka mjini kununua nyuzi za gitaa, akapitia dukani ajaribu kiatu. Nikamwekea amplifaya nzuri, nikakunja mikono kifuani, nikasubiri sifa. Akapiga kipande cha wimbo wa babake. Akasimama. Akatazama waya. Akabadilisha waya. Akapiga tena. Akainama, akakiinua kiatu, akaangalia tumbo lake, kwenye ule mkwaruzo wa jina la Baya aliouchora mzee mwenyewe kwa msumari.

Akasema polepole, "Shemeji, hiki kinasema vizuri sana. Lakini si kiatu cha baba."

Nami — Mungu anisamehe — nikamwambia ni hii amplifaya. Nikasema amplifaya za kisasa zinasafisha sauti, akipiga na ile ya nyumbani atakisikia. Maneno yalitoka yenyewe, yamepangwa vizuri, kama ninavyowaambia wateja redio zao zikizidi kuharibika mikononi mwangu.

Aliamini. Hilo ndilo limeniumiza, aliamini mara moja! Akaketi, akakubali soda, akaanza kunieleza mambo ambayo laiti angenieleza wiki iliyopita. Kwamba Mama hajaingia chumba cha vyombo vya mzee tangu mazishi. Kwamba gitaa hajali, lichukuliwe na yeyote. Ila ameomba kitu kimoja, asikie ile kwaruu ya kiatu mara moja tena, mbele za watu, kisha kiwekwe kisiguswe. Tsuma alicheka, akasema, sisi watoto tuliichukia kelele ile, Mama ndiye pekee aliyekuwa akiipenda.

Nikacheka naye. Nilicheka!

Kiatu ameniachia. Amesema nikilete mwenyewe siku ya hanga, kisije kikaingia mvua.

Jumatano, 16 Julai

Debe la vyuma chakavu ni tupu. Mnunuzi alipita jana asubuhi, kabla Tsuma hajafika. Nilikuwepo. Nilimsaidia kulibeba.

Nimekwenda mpaka yadi yake kule Maweni. Nikamkuta ameketi juu ya friji iliyokufa. Nikamwambia natafuta kitu kidogo, cha mviringo, kimevunjika miguu, kina kutu. Alinitazama kwa huruma. Alinionyesha rundo refu kuliko nyumba yangu, akasema kila kitu humo ni kidogo au kimevunjika au kina kutu, nichague. Na hata hivyo mzigo wa jana ulishaondoka kwenda Mombasa.

Nikachakura tu. Na suruali ya kazini, na jua lile. Gitau akapita na pikipiki, akasimama, akauliza nimepoteza nini. Nikasema spana.

Nimekuwa mwongo wa rejareja. Uongo huu kwa huyu, ule kwa yule.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Nilisema kichwa kinaniuma, na kufikia saa nne kilikuwa kinauma kweli.

Habari njema kidogo: koili ya zamani, kapasita, resista, vyote vilikuwa bado mezani ndani ya kifuniko cha chupa. Nimevirudisha vyote, pamoja na swichi yake mbovu. Sauti imerudi puani. Kinakula sauti ya gitaa kama zamani. Fundi aliyehangaika hivi kurudisha ubovu sijamwona.

Kilichobaki ni ile kwaruu. Voliumu mpya haijui kukwaruza. Ni nzima, imenyamaza, na kila nikiikanyaga nauona uso wa Mama akisubiri.

Nifikirie kusema ukweli? Nimefikiria. Nimwambie Zipporah, naye amwambie Mama. Zipporah hatapiga kelele, atakaa tu kwenye kiti akinitazama. Halafu habari itapanda Marafa, itafika kwa wajomba: yule Okoth tuliyempa binti yetu aliambiwa aunge waya, akatupa sauti ya marehemu kwenye vyuma chakavu. Sina ubavu. Nimejaribu kuwa nao tangu asubuhi, sina.

Alhamisi, 24 Julai

Nimetia chumvi.

Nimeiandika hivyo, sentensi moja, nione inavyoonekana. Inaonekana vibaya.

Nilifungua ile voliumu mpya, nikakoroga chumvi ya jikoni na maji kwenye kisosi, nikapaka ndani kwa kijiti cha sikio. Hapa pwani hewa yenyewe inakula redio za watu, na mimi maisha yangu yote nimekula ugali kwa kupigana nayo. Leo nimeisaidia. Nikaianika dirishani.

Zipporah aliingia kutafuta kile kisosi. Akaona chumvi, akaona voliumu, akauliza sasa napika vipuri? Nikasema ni dawa ya kusafishia. Akacheka, akamwita Whitney aje amwone babake akiunga mchuzi wa redio. Mtoto naye akacheka. Nikacheka. Watatu tukicheka, na mmoja ndiye anajua kinachochekwa.

Jumatatu, 28 Julai

Inakwaruza!

Niliruka kwa furaha, kisha nikakumbuka ni furaha ya nini, nikaketi.

Kutu imeshika. Tatizo imeshika kila mahali, kiatu chote ni kelele. Nimesafisha kidogo kidogo, nikibakiza kipande kimoja tu, kwaruu moja kama ile. Ndipo swali likaja. Kipande kipi? Mguu ukianza kukanyaga, au ukimaliza na kurudi? Niliisikia ile ya zamani mara moja tu, hapa mezani, na wakati ule nilikuwa nimeshaihukumu kuwa uchafu. Sikuisikiliza. Nimekaa na wakwe zangu miaka yote hii, Mzee Baya amepiga kwenye harusi yangu mwenyewe, na mimi huwekwa kiti cha mgeni mbali kule na wazee, nikipokea vinywaji. Sikusikiliza hata siku moja.

Mtu wa kuuliza ni mmoja. Lakini mkwe hampigii mama mkwe simu, si kwetu, si kwao. Tangu nimuoe mwanawe sijazungumza na Mama ila salamu, nikiwa nimeinamisha macho. Kila neno hupitia kwa Zipporah. Na nikimpitishia Zipporah swali hili, atauliza kwa nini fundi anauliza. Tsuma naye vilevile.

Nimeamua ni mwanzoni. Ndiyo inayoleta maana. Mtu husafisha koo kabla ya kuzungumza.

Ijumaa, 1 Agosti

Tumefika Marafa. Boma limejaa, moshi, masufuria makubwa ya kukodi. Nimemwamkia Mama kutoka mlangoni, shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama kikapu mkononi mwangu. Hakutazama kingine. Nikampa Zipporah kikapu ampelekee, nao wakaingia ndani.

Amekipokea kwa mikono miwili, Zipporah ameniambia. Amekiweka kitandani kwake, upande wa mzee.

Sili vizuri.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nyuma ya banda la mahindi, watu wako upande wa pili. Wanadhani nimekuja haja. Nitaandika upesi.

Walianza alasiri. Tsuma na wenzake wawili, mmoja ngoma, mmoja besi, jenereta inakohoa chini ya mwembe. Mimi nikatafuta kiti changu cha kawaida, nyuma. Mjomba mmoja akaja akanishika mkono, akasema leo fundi anakaa mbele. Akaniketisha mbele! Nikapewa kata ya mnazi kabla ya watu walionizidi umri. Nimengoja heshima ile tangu nioe. Nikaishika kata kwa mikono miwili.

Kiatu kikaletwa na Mama mwenyewe. Akakiweka chini mbele ya mguu wa Tsuma, akarudi nyuma hatua chache. Amejifunga leso ileile iliyokiviringisha. Nikaomba Mungu jenereta izime. Naapa, niliomba hivyo.

Tsuma akakanyaga.

Kwaruu.

Kelele iliyopigwa hapo! Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakasimama. Tsuma akanitazama mimi, meno nje, macho yamejaa maji, akaniinulia kidole gumba, kwamba kweli ilikuwa amplifaya. Na Mama akacheza. Mama Kahaso, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa mtu wa kukaa tu kwenye mkeka. Alicheza mabega tu, polepole, macho amefumba, na kila Tsuma alipokanyaga upya kwaruu inaanza, naye anatabasamu. Wajomba wakanipiga mgongoni. Zipporah alinitazama kutoka kwenye kundi la wanawake, na ile sura sijaiona tangu siku ya harusi.

Nami nikajua kitu nilichofanya. Kuharibu nilishaharibu zamani, hilo nilishalizoea. Hili lilikuwa jingine. Nimemtengenezea mjane kikohozi cha bandia cha mumewe, kwa chumvi ya jikoni, naye anakichezea. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na kiti.

Wimbo ulipokaribia mwisho Mama aliacha kucheza. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha maji, kile cha bati chenye ua. Akasimama kando ya wanamuziki, kichwa ameinamisha upande mmoja, akisikiliza. Nikadhani anamngoja Tsuma anywe. Tsuma akamaliza, akaondoa mguu. Kimya safi. Watu wakashangilia. Mama akaendelea kusimama palepale na kikombe chake, kama mtu aliyeambiwa angoje kwenye foleni na dirisha limefungwa. Nilimwona akikitazama kiatu. Halafu akanitazama mimi.

Akaja. Kupita katikati ya watu, moja kwa moja, mama mkwe kumwendea mkwe mbele ya macho ya ukoo mzima. Nikasimama, nikainamisha macho. Nilichoona ni miguu yake na kile kikombe.

"Umefanya kazi, Baba Whitney," alisema. "Nimecheza."

Nikasema asante, Mama.

Akasogea. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayezungumza na mwanawe mgonjwa, "Lakini cha Baya kilikuwa kinakwaruza mwishoni, akiondoa mguu. Ndipo nilikuwa najua kule jikoni kwamba amemaliza, nimpelekee maji."

Macho yangu yakabaki kwenye kile kikombe.

"Usimwambie Tsuma," akasema. "Amefurahi sana."

Akanipa yale maji. Akarudi mahali pake, akaketi kwenye mkeka, akavuta leso mabegani.

Nikaja huku nyuma na kikombe. Nimeandika haya yote na kikombe kiko hapa mguuni, maji yamejaa, sijanywa. Huko mbele Tsuma ameanza wimbo mwingine, kwaruu yangu imepita juu ya banda, na vigelegele tena. Zipporah amenifuata mpaka hapa. Amesimama, uso unang'aa, anauliza Mama ameniambia nini, maana watu wote wameona na wote wanataka kujua.

Nimemwambia angoje wimbo uishe.